Kabla ya kununua RTX 5090, pima joto la chumba chako

Mpwa wangu ameshajichangia pesa na anataka RTX 5090, kadi ya michoro ya kompyuta kutoka kampuni ya Nvidia. “Mjomba, hiyo ndiyo mfalme wao,” aliniambia tukiwa barazani Kibokoni. Kwa kasi hakukosea. Ina GB 32 za memori, wakati RTX 5080 iliyotoka nayo Januari 2025 ina GB 16. Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 1,999 kwa hiyo kubwa na dola 999 kwa 5080, hapo bado nauli na ushuru.

Mimi nilimuuliza wati. 5090 hula hadi wati 575, 5080 hadi 360, na umeme wote huo hugeuka joto. Feni hazilimalizi, hulitoa tu kwenye kasha la kompyuta na kulimwaga chumbani. Pasi ya nyumbani ni kama wati 1,000. Sasa waza zaidi ya nusu pasi ikiwaka chini ya meza saa nzima, kwenye chumba cha dirisha moja, mwezi wa Machi, fukuto limetanda na upepo haupiti vichochoroni. Ukiweka kiyoyozi, tokeni za umeme zinaliwa mara mbili: na kadi, na kiyoyozi.

Hili nimelionja. Natengeneza picha za nyumba kwa Blender, programu ya michoro ya 3D, na kadi yangu ya RTX 4080 ni ya wati 320 tu. Wakati wa kaskazi feni zilivuma usiku kucha, nikafungua ubavu wa kasha ipumue. Hewa ya chumvi ikaingia, na baada ya miezi skrubu zikaota kutu. Siku hizi naibana kadi isivuke asilimia 75 ya umeme wake. Picha huchelewa kidogo, lakini chumba kinalalika.

Kwa gemu pekee ningemwelekeza kwenye RX 9070 XT, kadi ya kampuni ya AMD: wati 304, dola 599 ilipotoka. Ila naye anajifunza Blender, na huko kadi za Nvidia bado ziko mbele. Mwenye kazi nzito isiyoenea kwenye GB 16 ana sababu ya kutaka 5090. Mpwa wangu hajafika huko.

Nimemwambia achukue 5080, pesa itakayobaki anunue pawa saplai ya maana ya kulisha kompyuta umeme, stabilaiza, na feni ya kutoa joto dirishani. Hajakubali. Ijumaa tukitoka msikitini tutakaa tena, na nimemtaka kwanza alete kipimajoto akiweke chumbani kwake saa nane mchana.