"Sijui" Siyo Jeuri

Kijana wa miaka 15 amepigana. Amekalishwa mbele ya watu wazima watatu. "Haya, eleza. Nani alianza? Kwa nini? Ulikuwa unafikiria nini?" Anatazama viatu vyake. "Sijui." Anaulizwa tena, kwa sauti ya juu na maneno mengi zaidi. Anapandisha mabega. Basi, hukumu imeshapita: jeuri, wala hajutii.

Mimi naona mara nyingi huyo anasema kweli. Kusimulia ugomvi kunataka upange hatua, utaje wahusika bila kuwachanganya, upate na neno la kile kilichokuwa kikikuchoma. Kwa mwenye tatizo la ukuaji wa lugha, yaani anayepata shida ya kudumu kuelewa na kutumia lugha tangu utotoni, kamba hukatikia hapo hapo. Na kwa kuwa huenda hana kigugumizi na matamshi yake ni safi, hakuna anayeshuku. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1997 ulikuta takriban asilimia 7 ya watoto wa chekechea wana hali hiyo. Katika darasa la watoto 30, ni kama wawili.

Masomo yanaumia, ndiyo, lakini kinachouma zaidi ni urafiki. Utani wa vijana ni lugha tupu: wa haraka, wa mafumbo, maneno yamegeuzwa ndani nje. Mwangalie yule anayecheka kwa kuchelewa kidogo, baada ya kuona wenzake wamecheka. Anajua kwamba amechelewa. Zikipita siku nyingi za namna hiyo, anaona afadhali akae kando. Mtafiti Gina Conti-Ramsden na wenzake, waliowafuatilia watoto kama hawa nchini Uingereza tangu wakiwa na miaka 7, waliwakuta ujanani wakiwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na sonona kuliko wenzao. Si kwamba hawapendi watu. Moyo wa kusaidia wanao.

Kinachonikera ni msaada tunaowapa. Kijana ana huzuni, tunampeleka kwa mnasihi, naye anafungua kikao: "Niambie unavyojisikia." Mtihani uleule uliomshinda! Mpe karatasi achore siku ilivyokwenda. Uliza swali moja, fupi, kisha nyamaza. Na kabla ya kumfukuza shule, mtaalamu wa matatizo ya lugha amwone kwanza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye kazi. Nimejaribu kuhesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kuongeza neno. Nikifika 4, ulimi unaniwasha.