Wananiuzia Mtaa Ambao Haujafika

Fleti hii nimeshaiendea mara nne. Mara mbili mchana nikiwa na dalali, mara moja alfajiri peke yangu, na mara ya mwisho saa tano usiku wa Jumanne, nimesimama ng'ambo ya barabara nikihesabu madirisha yenye taa. Ni vyumba viwili, ghorofa ya tano, katikati ya jiji, mahali ambapo naweza kutembea kwa miguu hadi kazini. Bei naimudu kwa mkopo na kwa kujibana. Lakini kila ninapotaka kukubali, kuna maneno ya dalali yananirudisha nyuma: "Mtaa huu unakuja juu. Wahi kabla haujafika."

Maneno hayo nimelala nayo wiki nzima. Kama mtaa haujafika, mimi nauziwa nini? Bei aliyonitajia si ya mtaa niliouona usiku ule, wenye taa tatu za barabarani zilizokufa, milango ya chuma iliyoshushwa, na watu wawili waliojikunyata kwenye baraza la duka lililofungwa. Ni bei ya mtaa uliochorwa kwenye picha ya ofisini kwake, wenye miti, baiskeli na watoto. Matumaini yameshaingizwa kwenye bei. Yakitimia, sehemu kubwa ya faida ameshaichukua aliyeniuzia. Yasipotimia, hasara nitabaki nayo mimi na benki yangu.

Ndiyo maana nimefika mahali pa kuamini jambo moja: fleti ya katikati ya mji, kwenye mtaa uliochakaa na unaobadilika, ainunue mtu anayeweza kukaa na mtaa huo ulivyo leo kwa miaka kumi, bila kubadilika hata jiwe moja. Mtaa ukipendeza, ni neema. Asiyeweza kukaa nao hivi hivi asijifariji kwa "miaka mitano tu."

Tazama Los Angeles. Mwaka 1999 jiji hilo lilipitisha sheria ndogo iliyorahisisha kugeuza majengo ya zamani ya ofisi na benki ya katikati ya mji kuwa makazi. Maelfu ya nyumba yalipatikana, na mitaa iliyokuwa ikifa kila jioni ikapata watu wa kulala hapo. Tembea kidogo tu kutoka kwenye majengo hayo utafika Skid Row, na zaidi ya miaka 25 baadaye watu bado wanalala kwenye mahema pembeni mwa njia. Mtaa mmoja ulibadilika, wa jirani yake haukubadilika, na mtu aliyenunua kwenye mpaka wa mitaa hiyo miwili ameishi na yote kwa pamoja. Mabadiliko hayaendi kwa mstari kama foleni.

Kwa hiyo usiku nimeukagua. Usiku ule wa Jumanne sikuogopa kama nilivyotarajia. Kulikuwa na kelele za ukumbi wa muziki wa kona, mama mmoja akifagia ngazi, vijana wakipiga soga. Nilijiuliza kama dada yangu angeshuka hapo na mizigo yake saa hizo, na nikajibu kwamba angeshuka, ila angetembea haraka. Jibu hilo naweza kuishi nalo.

Nisiloweza kuishi nalo limo ndani ya jengo lenyewe, na hapa ndipo naona wanunuzi wengi wanapitiwa, kwa sababu macho yote yako barabarani. Kununua fleti ni kama kuoa: humchukui mtu mmoja, unachukua na ukoo wake. Kuta za ndani ni zako, lakini paa, lifti, mabomba, ngazi na msingi mnamiliki wote kwa hisa. Lifti ikishafikisha miaka 20 au 25 inadai fedha nyingi, na inadai kwa kila mmoja, awe anaitumia au yuko ghorofa ya chini. Fedha hizo hutoka kwenye mfuko wa akiba wa chama cha wamiliki. Mfuko ukiwa mtupu, mnapitishiana mchango wa dharura, na barua ya mchango huo haijali kwamba umehamia mwezi uliopita. Jengo likiwa jipya kuna hatari nyingine: ada ya kila mwezi huwekwa chini ili fleti ziuzike, kisha wamiliki wakikabidhiwa jengo ndipo wanapogundua gharama halisi.

Jengo langu (nimeshaanza kuliita langu, na hiyo ni dalili mbaya kwa mtu anayepima bei) lina umri wa kutosha kuwa na historia. Niliomba mihtasari ya vikao vya chama ya miaka mitatu. Dalali alishangaa, akasema wanunuzi wake huwa hawaombi. Nilipewa ya mwaka mmoja. Kikao cha kwanza: maji yameonekana kwenye ukuta wa ghorofa ya chini ya ardhi, aitwe mhandisi. Kikao cha pili: gharama ya mhandisi ni kubwa, suala liahirishwe. Kikao cha tatu: wajumbe wamekubaliana ukuta upakwe rangi.

Nikashuka kuuona. Harufu ya rangi mpya bado ilikuwepo. Ukuta ulikuwa mweupe, umenyooka, unapendeza. Lakini nyuma ya bomba kubwa, pale ambapo brashi haikufika, kulikuwa na mstari wa chumvichumvi usawa wa goti langu, na nilipoupitisha kidole saruji ilibaki kwenye ncha kama unga. Nilisimama pale muda mrefu. Ukuta ule unabeba familia zaidi ya 40.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri shuleni hadi imepoteza ukali wake, lakini kuna watu walioiishi. Huko Surfside, Florida, jengo la ghorofa 12 lililoitwa Champlain Towers South, lililojengwa mwaka 1981, lilianguka usiku wa manane tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2018, mhandisi alikuwa ameandika ripoti kuhusu uharibifu mkubwa wa zege chini ya eneo la bwawa la kuogelea, kwa sababu kinga ya maji ilikuwa imeshindwa kazi. Wamiliki walibishana kuhusu gharama. Waliidhinisha ukarabati wa takriban dola milioni 15 miezi michache tu kabla jengo halijaanguka. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria ya kulazimisha ukaguzi wa majengo ya aina hiyo na kuwazuia wamiliki kuikwepa akiba ya matengenezo makubwa. Sisemi kwamba mstari wa chumvi nyuma ya bomba moja ni sawa na msiba ule. Ninachosema ni kwamba vikao vilivyotangulia msiba ule navifahamu, maana nimesoma mihtasari inayofanana navyo.

Kuna pia suala la dirisha. Chumba kikubwa kinatazama mashariki, na alfajiri niliyokwenda, jua liliingia likalala sakafuni kama mkeka. Karibu moyo wangu utekwe na jua lile. Kisha nikatazama chini: kiwanja cha kuegesha magari, kitupu, na kwenye uzio wake tangazo la kuomba kibali cha ujenzi, nusu yake imechanika. Kwenye mtaa unaobadilika, kiwanja kitupu ni ghorofa ambalo halijaota. Ofisi ya mipango miji nitaiendea kabla ya kurudi kwa dalali, maana jua la asubuhi limo kwenye bei niliyotajiwa, na hakuna mkataba unaolilinda.

Na wale waliopo? Chini ya jengo kuna fundi viatu, mzee, kibanda chake kina upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Aliniona mara ya tatu akaniuliza, "Unahamia, mwanangu? Basi viatu vilete mapema, maana sisi mwaka ukiisha hatujui kama tutakuwepo." Kodi yake sasa anaandikiwa mwezi kwa mwezi. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass, akiandika kuhusu London, ndiye aliyelipa jambo hili jina lake la Kiingereza, "gentrification": watu wa kipato cha kati wanaingia mitaa ya wafanyakazi, na likishaanza huenda kwa kasi hadi wakazi wengi wa mwanzo wanakuwa wameondoka. Kwa hiyo mabadiliko yanaweza kumwahi fundi viatu na bado yakanichelewa mimi. Hilo linaniuma, na sitaki kulizunguka kwa maneno mazuri. Mimi nikisaini, nitakuwa mmoja wa sababu.

Kukataa kwangu hakutamrudishia mkataba wake, najua. Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwangu. Nikiwa mwanachama wa chama cha wamiliki nitakuwa na kura, na vibanda vya chini ni mali ya pamoja. Kodi yake inajadiliwa kwenye kikao kile kile kilichopitisha rangi. Na ukumbi wa muziki wa kona sitaupigia simu polisi. Uingereza ilipotoa upya sera yake ya mipango miji mwaka 2018, iliweka wazi kwamba anayejenga makazi karibu na ukumbi uliokuwepo ndiye anayebeba wajibu wa kujikinga na kelele. Naona ni haki kabisa. Ukumbi ulikuwepo kabla yangu. Kioo kizito cha dirisha ni gharama yangu, na nimeshaiweka kwenye hesabu.

Jana dalali alipiga simu. Kuna mtu mwingine, akasema, yuko tayari kulipa wiki hii. Nikamjibu kwamba kama huyo ameridhika, amuuzie kwa amani. Mimi nataka mihtasari ya miaka miwili iliyobaki, taarifa ya mfuko wa akiba, na ruhusa ya mhandisi wangu kushuka chini na kukwangua ile rangi, kwa gharama yangu mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ruhusa hiyo hawezi kuitoa yeye, atawauliza wenye chama. Kikao chao ni Alhamisi.