Daktari na mfagiaji: kutolingana kunaisaidia jamii kweli?

Ukianza tu sosholojia unakutana na hili swali, kwa nini kila jamii ina matabaka, na wengi wanakariri jibu la kwanza wakajibie mtihani halafu basi. Mi naona hapa ndo pa kukaa kwanza.

Jibu lenyewe ni la Kingsley Davis na Wilbert Moore, wanasosholojia wa Kimarekani wa upande wa uamilifu, yaani wale wanaoona kila kitu kwenye jamii kina kazi yake ya kuifanya isimame, walilitoa mwaka 1945. Wanasema kuna kazi zina umuhimu kuliko zingine na zinataka kipaji au mafunzo marefu, sasa nani atakubali kukesha na vitabu miaka yote hiyo wakati wenzake washaanza kushika hela, kama mwisho wa safari hamna cha ziada? Ndo maana jamii inaweka mshahara mnono na heshima kule juu, wenye uwezo wavutike. Na tusiwaonee, hoja wanayo. Walikuwa wanaongelea nafasi, sio ubora wa mtu, na walisema wazi kwamba umuhimu peke yake hautoshi, kazi muhimu ambayo watu wa kuifanya wapo tele haihitaji malipo makubwa. Hicho kipande wanaowapinga wengi wanakiruka.

Mwaka 1953 Melvin Tumin, mwanasosholojia mwenzao wa Marekani, akawauliza, umuhimu wenyewe mnaupimaje? Chukua chumba cha upasuaji. Daktari kamaliza, kavua glovu, katoka. Anaingia mtu na ndoo na dawa, anafuta damu sakafuni, anainama mpaka chini ya kitanda, anasugua na yale magurudumu ambayo hakuna anayeyatazama. Akilipua kazi, mgonjwa anayefuata kidonda kinatunga usaha na ule ufundi wote wa daktari unapotea bure. Davis na Moore watakwambia sawa, ila mfagiaji unampata kirahisi, daktari humpati. Kweli kabisa, lakini sasa kinacholipwa ni uhaba, na uhaba mara nyingi unatengenezwa, maana walioko ndani ndo wanapanga nani aingie, sifa gani zitakiwe, nafasi ziwe ngapi. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alishaliona hilo zamani, kundi linajifungia mlango ili washindani wapungue.

Halafu kuna vipaji ambavyo hatutavijua kamwe. Watoto wawili darasa moja, mwalimu anauliza swali, mmoja ananyoosha mkono haraka kwa sababu lugha ya mwalimu ndo lugha ya nyumbani kwao, vitabu kavikuta mezani toka hajajua kutembea, mwingine jibu analo kichwani ila anatafuta namna ya kulisema na mwalimu keshahamia kwa mwingine. Hicho alichokuja nacho yule wa kwanza kutoka nyumbani, mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu alikiita mtaji wa kitamaduni. Shule inautunuku kana kwamba ni akili za kuzaliwa, na hili mimi linaniuma kwa kweli, kwa sababu yule wa pili anakua akiamini ye ndo mzito.

Hata Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa ambaye wanauamilifu wamemrithi mengi, mwaka 1893 aliandika kuhusu mgawanyo wa kazi wa kulazimishana, yaani watu wanajikuta kwenye kazi zisizoendana na uwezo wao kwa sababu ya walikozaliwa, na akaona hilo linabomoa mshikamano badala ya kuujenga.

Kwa hiyo mi nakubali nusu. Kwamba mtu anahitaji kitu cha kumsukuma asome miaka kumi, hilo nakubali, ingawa Tumin alikumbusha kwamba kuna wanaosukumwa na kuipenda tu kazi au kutaka kuwafaa wenzao. Ila nadharia haisemi pengo liwe kubwa kiasi gani, mara mbili au mara mia mbili, zote inazibariki sawasawa. Na aliyerithi mali je? Huyo hajavutwa kwenye kazi yoyote, zawadi imemfikia kabla hajakesha hata usiku mmoja, wakati yule wa ndoo amekesha maisha yake yote.