Abiria Asiye na Jina

Basi la kutoka Muheza kwenda Dar lilikuwa limejaa, nami nimempakata abiria wa ziada kwenye kopo la vidonge. Alikuwa buibui mrukaji wa msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Familia yake, Salticidae, ina spishi zaidi ya 6,000 zilizokwisha kuelezwa, na huyu hakufanana na yeyote niliyepata kumwona. Wajuzi mtaniuliza kwa nini hakuwa ndani ya spiriti, inamohifadhiwa buibui wa utafiti. Jamani, spiriti hufifisha rangi! Nilitaka apigwe picha kwanza akiwa hai.

"Mwanangu, hiyo dawa ya nini?" akauliza mama wa siti ya pili.

"Si dawa, mama. Ni buibui."

"Mzima?"

Akalichukua kopo ahakikishe. Akahakikisha kwa kulifungua.

Buibui akatua kwenye kiti cha mbele, kutoka hapo shingoni kwa kondakta. Kondakta alipiga ukunga ambao dereva aliuelewa vibaya, akafunga breki katikati ya barabara. Mimi nami napayuka: "Msimuue, ni dume!" Sijui nilidhani hilo litamtuliza nani. Lakini buibui dume ana vijimkono viwili mbele ya mdomo, vimevimba nchani kama amevaa glavu za ndondi. Ndivyo anavyotumia kumpa jike mbegu, na umbo lake hutofautiana spishi kwa spishi. Bila hivyo, unabaki na kadudu ka kahawia tu.

Trafiki akapanda. "Mwenye buibui nani?"

"Mimi, afande."

"Anaitwaje?"

"Bado hana jina, afande. Mpaka maelezo yake yachapishwe."

"Tiketi anayo?"

"Hana."

"Hana jina, hana tiketi, na amesimamisha basi barabarani."

Kabla sijajibu, paa! Mama alikuwa ameshusha ndala.

"Kesi imekwisha, afande. Twende zetu."

Niliigeuza ile ndala kwa mikono inayotetemeka. Tumbo lilikuwa uji, miguu huku na huku, ila pembeni ya soli kijimkono cha kushoto kilikuwa kizima kabisa. Nikaomba kuinunua. Mama akasema ndala haziuzwi moja moja, na yeye hatembei peku. Alishuka Chalinze amevaa viatu vyangu.

Maabara, mwalimu wangu alikodoa kwenye hadubini hadi chai yake ikapoa. "Kijimkono kinaeleweka," akasema. "Sasa tumlinganishe na vielelezo vya makumbusho." Kisha akauliza kwa nini kielelezo kina mchanga na mpira.

Mama alichukua namba yangu, na hupiga kuuliza jina limefikia wapi. Anataka liwe lake. Nikamweleza kwamba kanuni za majina ya kisayansi zinaruhusu, jina la mwanamke huongezewa -ae mwishoni, la mwanamume -i.

"Si ulisema ni dume?"

"Ndiyo, mama."

"Basi weka la marehemu mume wangu. Naye alikuwa hatulii kiti kimoja."