Tiba ya nano kwa ubongo: sisi wa Kilimanjaro na Arusha tuanzie wapi?

Ahadi inayotolewa kuhusu chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), ni kubwa: zitabeba dawa hadi ndani ya ubongo, zitibu saratani, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) na usahaulifu wa uzeeni. Si porojo. Seli za mishipa midogo ya damu ubongoni zimebanana kiasi kwamba inakadiriwa asilimia 98 ya molekuli ndogo za dawa hazipenyi, na zile kubwa karibu zote hukwama. Ukiivika chembe transferini, protini ambayo ubongo huipokea kila siku kwa sababu ya madini ya chuma, nayo huweza kupitishwa. Kwa panya jambo hilo limefanyika mara nyingi.

Kwa mgonjwa wodini ni habari nyingine. Ini na wengu hunasa sehemu kubwa ya chembe hizo mapema. Mapitio ya tafiti za wanyama yaliyochapishwa 2016 yalikuta kiasi cha kati kinachofika kwenye uvimbe wa saratani ni asilimia 0.7 tu ya dozi.

Pingamizi zito zaidi, kwangu, linatoka Hai, jirani na Moshi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa 2008 uliwapata huko wagonjwa 33 wa Parkinson, wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Levodopa, dawa ya Parkinson, imetumika tangu miaka ya 1960 na haihitaji nano yoyote: huingia ubongoni kwa mlango unaopokea asidi amino (vijenzi vya protini), kisha humo humo hugeuzwa dopamini, kemikali inayowapungukia wagonjwa hao. Kilichokosekana Hai ni mtu wa kuutambua ugonjwa, na vidonge.

Wengi huishia hapo: basi nano ni anasa. Nadhani wanahukumu mapema, kwa sababu nano moja tayari inaokoa watu Afrika. Ni amfoterisini B, dawa ya kuua fangasi, iliyofungwa ndani ya liposomu, vipovu vya mafuta visivyofika nanomita 100, kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi inayowashambulia wenye VVU. Jaribio la nchi tano, zikiwemo Uganda na Malawi, lililochapishwa 2022, lilitoa dozi moja kubwa (miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili) pamoja na vidonge vya dawa nyingine mbili za fangasi, flusitosini na flukonazoli. Ndani ya wiki kumi walifariki asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa waliopata amfoterisini ya kawaida siku saba. Upungufu mkubwa wa damu nao ulikuwa nadra zaidi. Mwaka huohuo WHO ikaupendekeza mpango huo.

La ajabu ni kwamba dawa hiyo haikuundwa kutafuta mlango wa ubongo, na kwenye maji ya uti wa mgongo huonekana kidogo sana. Liposomu inapunguza sumu ya dawa, hasa kwa figo, hivyo mgonjwa anaweza kustahimili dozi kubwa. Dripu moja badala ya saba, vipimo vichache vya figo: hiyo ndiyo faida ambayo muuguzi anaiona.

Bei bado inauma. Kwa bei nafuu iliyotangazwa 2018, dola 16.25 kwa chupa ya miligramu 50, mtu wa kilo 60 anahitaji chupa 12: dola 195, takriban nusu milioni ya shilingi.

Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, inaifahamu nano. Kichujio cha maji kinachotumia nano, kilichobuniwa na Dkt. Askwar Hilonga wa taasisi hiyo, kilishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika 2015. Ningeiomba iache kukimbizana na maabara za Marekani kuhusu transferini, ikatafute namna ya kutengeneza liposomu kwa bei ambayo hospitali ya wilaya inaweza kulipa.