Robo Lita Tu, Umati Wote Huu wa Nini?

Kazi yenyewe ni kubadilisha oili ya gia boksi ya skuta, robo lita tu. Mililita 250 basi, nusu ya ile chupa ndogo ya maji ya kunywa. Ndiyo oili yote inayokaa kwenye gia boksi ya Vespa ya zamani, iwe Sprint, iwe Super, iwe PX. Lakini thubutu kuipandisha kwenye stendi pale Ngamiani, Tanga, uchungulie uvunguni! Boliti hujaiona, washauri umeshawaona. Mmoja anauliza unaiuza shilingi ngapi. Mwingine anasema, "Kaka, si ungenunua bodaboda tu ukapumzika?" Ukiwa na skuta ya zamani ya Bajaj Chetak ndiyo kabisa, maana ukilitaja jina mtu anainama kutafuta gurudumu la tatu. Sasa umweleze kwamba Wahindi waliitengeneza kwa kufuata Vespa Sprint? Jua lenyewe la Tanga unalijua.

Mshauri wa bodaboda huanza kwa kutafuta kijiti cha kupimia oili. Hakipo, mwanangu. Injini hii ni ya mapigo mawili, haina oili ya kumwaga. Oili yake inaingia na petroli, inalainisha shafti na pistoni, kisha inaungua na kutokea kwenye ekzosi. Kipimo ni asilimia 2: petroli lita 1, oili ya 2T (ya injini za mapigo mawili) mililita 20; petroli lita 5, oili mililita 100. Zile za miaka ya 1950 ziliandikiwa asilimia 5. Baadhi ya PX zina tangi dogo la oili na pampu yake, zinajichanganyia zenyewe. Wewe usiye na pampu, ukifika sheli tia oili kwanza, petroli iifuate na kuivuruga. Ukitanguliza petroli, oili inaweza kujikalia chini na kwenda moja kwa moja kwenye kabureta. Na watu wetu wakisikia kitu kinalainisha, wanaona kikizidi ndiyo heri. Kikizidi, plagi inalowa na ekzosi inaziba masizi. Kikipungua, pistoni inajamu njiani, na Pongwe kwa kusukuma ni mbali.

Kwa hiyo tunachomwaga ni oili ya gia na klachi. Inayotakiwa ni SAE 30, yaani kipimo cha uzito wa oili chenye namba moja tu. Nenda nayo hiyo namba duka la spea uone utakavyotazamwa. Utapewa 20W-50 ya gari, na maneno juu: "Chukua hii, hata Landcruiser zinatumia." Landcruiser klachi yake iko pakavu, shehe! Ya Vespa inaogelea humo humo kwenye oili ya gia. Oili nyingi za kisasa za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano ni sahani tu. Mjini hutagundua, Tanga ni tambarare. Anza kupanda kwenda Amani: injini inapiga kelele, mwendo unapungua, klachi inateleza, na abiria anakuuliza kama umeishiwa mafuta. Ukimkimbia huyo ukaangukia kwenye oili nzito ya gia za lori, asubuhi klachi haiachii. Umeibana yote, unatia gia ya kwanza, gia inalia, na chombo kinaruka mbele na wewe hujakaa sawa. Lambretta usiichanganye hapa. Ile ina mnyororo ndani, inakunywa SAE 90, karibu mililita 700.

Haya, spana. Boliti ya kumwagia, ile ya chini ya injini, inataka namba 11. Katika seti za mtaani 10 ipo, 12 ipo, 13 zipo mbili, 11 iliazimwa na aliyeiazima kahama. Hapo ndipo anapojitokeza mtu na spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo. Mshukuru, mrudishe nayo. Ikiteleza mara moja tu, kichwa cha boliti kinakuwa duara, na duara halifunguliwi kwa dua.

Na kabla hujagusa ya chini, fungua ya kujazia. Hili linarukwa kila siku. Iko ubavuni mwa gia boksi, karibu na gurudumu la nyuma, na nyingi zimechorwa OLIO kwenye chuma. Za zamani zina mfereji wa bisibisi pana. Boliti ni chuma, bodi ni aluminiamu, hewa ni ya bahari: vitatu hivyo vikikaa pamoja miaka, vinashikana na kuota unga mweupe. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na Vespa isiyo na oili na huna mlango wa kuitilia. Ikigoma, tia mafuta ya kulegeza kutu, iache ilale, asubuhi igonge kidogo kwa nyundo, ujaribu tena.

Injini iwe ya moto kiasi. Zunguka mpaka Raskazone na kurudi, inatosha. Oili baridi inatoka nusu na uchafu unabaki ndani. Kinga na galoni la mafuta ya kula lililokatwa ubavu. Iegemeze huku na huku, kisha iache idondoke taratibu.

Sasa usiimwage haraka, isome. Matope laini ya kijivu ni kawaida, gia zinasagana. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida, na kama gia ilikuwa inachomoka yenyewe, basi ule msalaba wa ndani unaochagua gia umekwisha. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ni maji, na kwa masika yetu hilo halishangazi. Ikinuka petroli, au ukikuta imepungua na ekzosi inatoa moshi mweupe mpaka majirani wanafunga madirisha, sili ya shafti upande wa klachi, ile raba inayotenga oili ya gia na injini, imekufa. Hapo kubadilisha oili ni kujifurahisha. Injini ifunguliwe.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kukaza. Mtu mzima, ana watoto, anakaza boliti ya gia boksi kama anafunga reli ya Moshi! Aluminiamu ile haina ugomvi na wewe. Weka washa mpya, ingiza boliti kwa vidole mpaka ifike, halafu spana uishike karibu na kichwa ukaze kidogo tu. Thredi zikishaliwa, kila mtu ana dawa yake: sabuni ya kipande, utepe mweupe wa fundi bomba, gundi ya gasketi, tabaka juu ya tabaka. Zote zinashika mpaka injini ipate moto. Dawa ni fundi mashine atie bushi na thredi mpya, na utalipa kuliko bei ya oili ya miaka.

Kujaza kunataka bomba kubwa la sindano lisilo na sindano na kipande cha mpira wa dripu, kwa sababu tundu linaangalia pembeni na faneli haina pa kukaa. Vespa isimame wima, usiiegemeze. Tia taratibu mpaka oili ichungulie kwenye mdomo wa tundu, uache. "Ongeza kidogo, itapungua." Haipungui! Ikizidi inatafuta njia kwenye tundu la kupumulia juu ya klachi, inarusha matone kwenye gurudumu la nyuma, na lile ndilo gurudumu lenye breki unayoitegemea.

Injini iliyofunguliwa, badilisha baada ya kilometa 1,000. Baada ya hapo kila kilometa 5,000, au kila mwaka kama yako ni ya Ijumaa tu.

Umenunua lita, zimebaki robo tatu. Funga kifuniko, andika SAE 30 kwa kalamu nzito, ficha, la sivyo mtu ataitia kwenye cherehani. Ile chafu usiimwage mtaroni, mitaro yetu inakwenda baharini kwa samaki wale wale tunaowala. Ipo kazi yake: jirani ana nguzo za banda, anataka azipake zisiliwe na mchwa. Muite. Atakuja na ndoo ya lita 20, atachungulia galoni, atakutazama wewe, atalitazama tena galoni. "Ndiyo hii tu?"