Kipimo cha kipindupindu kikae zahanati

Mara ya kwanza kuona kipimo cha haraka cha kipindupindu nilidhani ni cha mimba. Ni kikaratasi chembamba kilekile chenye mistari, ila hiki kinachovywa kwenye kinyesi cha majimaji cha mgonjwa, na baada ya dakika 15 au 20 kimeshajibu. Ndani yake mna chembe ndogo mno za dhahabu zilizovishwa kingamwili, yaani protini zinazonasa vimelea. Kinyesi kikipanda karatasini, kingamwili hizo zinawanasa bakteria wa kipindupindu na kusafiri nao hadi mahali ambapo kingamwili nyingine zimegandishwa kuwasubiri. Pale dhahabu inarundikana, na mstari unajitokeza.

Kipimo hiki hakimtibu mtu, na hapo ndipo wengi hukidharau. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, kwa hiyo aliyeishiwa maji anyweshwe ORS (maji ya chumvi na sukari) au atundikiwe dripu papo hapo, kipimo kiwepo kisiwepo. Kazi ya kikaratasi ni kupiga mbiu ya mgambo. Kuotesha vimelea maabara huchukua siku mbili tatu, mbali na safari ya sampuli kwenda mjini. Siku hizo zote watu wanaendelea kuteka kisima kilekile. Muuguzi akiona mstari saa nne asubuhi, jioni klorini inaweza kuwa imeshafika mtaani.

Aprili 2024 Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na wenzake walitangaza kugawa vipimo zaidi ya milioni 1.2 kwa nchi 14, Malawi ikitangulia. Ilistahili: mlipuko ulioanza huko 2022 uliua watu zaidi ya 1,700. Nilifurahi sana kuisoma habari ile. Hofu yangu ni maboksi kuishia stoo ya wilaya, yakisubiri mlipuko utangazwe ndipo yafunguliwe. Kipimo cha kutambua mgonjwa wa kwanza kinafaa nini kikifika kwa mgonjwa wa mia?

Najua kinakosea. Kuna wakati kinaonyesha mstari pasipo na kipindupindu, na kuna wakati kinampita mgonjwa. Kuotesha kubaki palepale, maana ndiko kunakothibitisha na kutuambia dawa gani bado inawaua bakteria hao. Lakini mistari kwa wagonjwa watatu wa mtaa mmoja, kwangu mimi, inatosha kumpigia simu mganga mkuu wa wilaya usiku wa manane.

Kuna kosa moja ningeomba lisifanywe: kuchovya kikaratasi hiki kisimani na kutangaza maji ni salama. Kinyesi cha mgonjwa, kile cheupe kama maji ya kuoshea mchele, kina bakteria mamilioni kwa kila mililita. Kisimani wametawanyika, hawatoshi kutokeza mstari, na bado ni hatari kwa anayeyanywa. Mafundi wa maabara huwalisha kwanza kwenye maji ya peptoni, yaani maji yenye chakula cha bakteria, kwa saa kadhaa wazaliane, ndipo wawapime. Maji yachemshwe tu.

Kuhusu utaalamu, sioni kikwazo. Wauguzi wa zahanati zetu wanasoma mistari ya vipimo vya haraka vya malaria kila siku, kwa miaka sasa. Boksi moja la kipindupindu liwekwe kabatini pembeni ya yale ya malaria, kabla mvua za masika hazijaanza.